Mahali pa Jenereta la Pili

Mimi ni mwoga, na heri niseme mwenyewe kabla wengine hawajanisemea. Watu wa kwetu Karagwe waliniona nikishika nyaya za umeme wakadhani nina moyo wa simba. Moyo gani! Kila waya nilioushika nilikuwa nimeshaukagua mara tatu, na bado niliurudia mara ya nne. Umeme hauna harufu wala rangi, na ukiukosea haukupi nafasi ya kuomba radhi. Lakini hofu niliyokuwa nayo kwa ajili ya ngozi yangu ilikuwa ndogo. Hofu kubwa niliipata kwa ajili ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, siku ambayo mkono wangu ulikuwa kwenye swichi na yeye alikuwa juu ya nguzo, na mimi sikujua.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe, na umeme wa serikali tuliusikia redioni tu. Parokia ndiyo iliyokuwa na jenereta. Walilijengea kibanda kando ya barabara, si kwa hesabu yoyote, bali kwa sababu hapo ndipo lori liliposhusha mapipa ya dizeli na hakuna aliyetaka kuyaviringisha mbali. Kutoka hapo waya ulipita juu ya nguzo za mkalitusi hadi kwenye mashine ya kusaga, ukashuka bondeni katikati ya migomba na mibuni, ukapanda tena mpaka shule ya wasichana, ukaishia hospitalini juu ya kilima.

Taa za nyumba ya padri ziliumiza macho. Za hospitali, mwisho wa waya, zilikuwa nyekundu kama makaa yanayokwisha. Mkunga alikuwa na mzaha wake: eti anawasha taa, halafu anawasha kandili ili aione ile taa. Kila aliponiambia hivyo nilicheka, na kila mara niliona aibu, maana fundi nilikuwa mimi.

Wafadhili wa hospitali walipoahidi jenereta la pili, ugomvi ukaanza. Liwekwe wapi, na liwe kubwa kiasi gani? Padri alitaka likae kando ya lile la kwanza ili mlinzi awe yule yule. Mwalimu mkuu wa wasichana, mama mmoja asiyependa kujibiwa, alilitaka shuleni. Mwenye mashine ya kusaga naye alisimama mkutanoni akasema pasipo ugali hakuna mgonjwa wala mwanafunzi. Tukamcheka sana. "Mzee, hapa watu wanakula ndizi!"

Mimi sikucheka muda mrefu. Nina hasira za karibu, mke wangu anajua. Nikachukua daftari na mita ya volti, na kwa wiki mbili, saa moja jioni wakati kila taa imewaka, nikaufuata ule waya kutoka nguzo hadi nguzo nikipima na kuandika. Niligundua mengi. Niligundua kwamba masista walikuwa wanapiga pasi saa hiyo hiyo, na kwamba padri alikuwa na birika la umeme ambalo hakuwahi kulitaja. Zaidi ya yote niliona jinsi nguvu ilivyopungua njiani, kama kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kinachozungushwa ngomani: wa kwanza anakunywa, wa mwisho anapata machicha.

Basi nikarudi mkutanoni na daftari langu. Nikawaambia, mkiweka jenereta la pili kando ya la kwanza, mmejaza kibuyu, lakini wa mwisho bado atapata machicha. Liwekeni kwa wa mwisho. Hospitali ndiyo yenye mzigo mkubwa, ndiyo iliyo mbali, na jenereta likikaa pale litaishibisha hospitali kisha litasukuma umeme kurudi nyuma mpaka shuleni, hata bondeni, na lile la parokia litapumua. Na lisiwe kubwa. Wafadhili walitaka kutuletea lidude la ajabu. Nikasema hapana, jenereta kubwa lisilo na kazi ni dume la ng'ombe lililofungwa zizini: linakula tu, na juu ya kula linaziba masizi na kutoa moshi mweusi. Nikawapa kipimo changu, cha kutosha hospitali na nusu ya shule.

Walinikubalia. Siku ya kuliwasha nilikuwa sijala tangu jana yake. Kuunganisha majenereta mawili kwenye waya mmoja si mchezo. Lazima yaende mwendo mmoja, hatua kwa hatua, la sivyo mashine inaruka kwenye msingi wake. Nilifunga balbu tatu za kuniongoza. Zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima, kila ukirekebisha mwendo zinakwenda polepole zaidi, na zikizima zote kwa pamoja ndipo unasukuma swichi. Nikasukuma. Hapakutokea kishindo. Kule wodini vikasikika vigelegele, mkunga akatoka mbio na kandili yake akaitupa kwenye majani mbele ya watu wote. Taa za shule ziling'aa. Mpaka mashine ya kusaga volti zilikuwa zimepanda. Nilitembea siku ile kama niliyeoa mara ya pili.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Shemeji yangu nilimfundisha kazi mimi mwenyewe. Alikuwa mtu wa Nyakatuntu kwa upande wa baba, mrefu, mcheshi, anapanda nguzo kama anayepanda kitandani. Hakusoma sana, kwa hiyo nilimfundisha kwa mifano. Nilimwambia umeme ni kama maji ya mfereji: ziba juu, chini kunakauka. Ng'oa fyuzi pale parokiani, tia mfukoni, kisha panda nguzo yoyote kwa amani. Na waya ukikatika, ule upande wa kutoka kwenye mkatiko kwenda hospitalini umekufa, ushike upendavyo. Kwa miaka yote ya jenereta moja maneno hayo yalikuwa kweli tupu.

Jenereta la pili lilipokuja, mfereji wetu ukawa na chemchemi mbili, moja kila mwisho. Nilipima volti, nilipima mzigo, nilipiga hesabu za dizeli mpaka macho yakauma. Ila sikumwita shemeji yangu nikamwambia, "Yale niliyokufundisha, yafute." Halikunijia kabisa. Wala sikuweka kitu cha kuitenga hospitali na ule waya wa nje. Swichi ya jenereta ikisukumwa, hospitali ilipata umeme na bonde lote likapata, pamoja. Nilijivunia hilo, nikaona ndilo uzuri wenyewe wa kazi yangu.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo lazima nilieleze hapa. Mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Ukimwona njiani unaingia kwenye migomba, unageuza mgongo mpaka apite. Naye anajifunika kitenge. Hamli pamoja, hamgusani, na kama kuna neno la lazima linapitia kwa mtu mwingine. Vijana wa siku hizi wanaona ni kituko. Sisi tuliona ni heshima, na mimi niliishika sana kwa sababu mama yule alikuwa mjane mwenye jina jema, na sikutaka aseme binti yake ameolewa na mhuni. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka kumi na moja, na uso wake nilikuwa siujui. Nilijua kitenge chake na mwendo wake.

Kibanja chake kilikuwa bondeni, na nguzo zetu mbili zilisimama humo humo ndani ya migomba yake.

Msimu wa mvua za vuli, jioni moja, upepo ulivunja tawi la mkalitusi likakata waya pale pale kwake. Ncha moja ilianguka chini, ile ya upande wa hospitali ikanasa kwenye matawi. Jenereta la parokia likazima. La hospitali likaendelea kwa saa moja hivi hadi lilipozimwa kama kawaida. Asubuhi nilikwenda na shemeji tukaifunga ile ncha ya juu kwenye nguzo kwa kamba, isiguse mtu wala mti. Akaniambia atakwenda Kayanga kwa baiskeli kutafuta waya wa kuungia, na kwamba kupanda ni kesho. Nikapanda zangu hospitalini kusafisha chujio la dizeli. Tuliagana kwa mizaha kama siku zote.

Hakufika Kayanga. Alipita kwenye mashine ya kusaga, mwenye mashine akakumbuka kwamba ana kipande cha waya stoo, akampa. Shemeji akafurahi, akarudi. Akafanya yote niliyomfundisha, kwa utaratibu, bila kuruka hata moja. Akang'oa fyuzi za parokiani, akatia mfukoni, akapanda nguzo.

Mama yake alikuwa anapalilia kahawa chini ya nguzo ile. Alimwambia, "Mwanangu, jana waya ulipokatika, taa za shule kule juu ziliendelea kuwaka. Umeme unatoka na juu." Yeye akacheka. "Mama, wewe palilia kahawa. Umeme hutoka parokiani." Mama yule hakujua kusoma. Alikuwa ameketi tu barazani kwake jioni ile akatazama mlima, akaona taa.

Aliacha jembe akaanza kupanda kilima.

Mimi wakati huo, kibandani kwa jenereta la hospitali, nilisikia mkunga ananiita kwa sauti ambayo haikuwa ya mzaha. Walikuwa wamemleta mwanamke kwa machela kutoka Mabira, mwendo wa tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya, daktari anataka kumpasua sasa hivi. Mawingu yalikuwa mazito, chumba cha upasuaji kina dirisha moja dogo. "Fundi, taa! Tunahitaji taa!" Nikazungusha hendeli, jenereta likakohoa, likashika. Jenereta halipewi mzigo likiwa baridi. Unaliacha lingurume dakika chache. Nikasimama nikisubiri. Nilijiambia waya wa bondeni tumeufunga vizuri, shemeji yuko njiani kwenda Kayanga, hakuna hatari. Kweli nilijiuliza. Nilijiuliza nikajijibu mwenyewe, na jibu lilikuwa la uongo.

Ndipo nikakiona kile kitenge mlangoni.

Nikageuka upesi, uso ukutani. Nilidhani amepotea njia, anatafuta wodi. Nikasogea nyuma ya mashine nikimwachia nafasi aondoke. Haondoki. Kwa pembe ya jicho niliona miguu yake, ina udongo mbichi hadi kwenye magoti, na inahema, kama miguu inaweza kuhema. Alikuwa anasema kitu lakini jenereta lilimeza sauti yake. Baadaye niliambiwa alikuwa ameshazunguka nyuma ya wodi akitafuta mtu wa kumpa ujumbe aniletee, na hakumpata, kila mtu alikuwa kwa yule mgonjwa.

Nikapandwa na hasira. Namna gani mama huyu ananivunjia heshima mbele ya watu? Mkunga akapiga ukelele dirishani, "Fundi, umelala?" Nikajisogeza kwenye swichi kinyumenyume, uso bado nimeugeuza, nikaishika.

Akanikamata mkono. Kwa mikono yake yote miwili, akaning'inia nao kama anayevuta mgomba ulioegemea. Mawe, mama yangu! Nikamtazama kwa sababu sikuwa na namna nyingine, na ndiyo siku niliyouona uso wa mama wa mke wangu. Ulikuwa uso wa mke wangu akiwa mzee. Akanisogelea sikioni akasema kwa Kinyambo, "Mtoto wangu yuko kwenye nguzo. Anaushika ule wa juu kwa mikono."

Nilivuta wenzo wa kuzimia. Jenereta likafa.

Naogopa mpaka leo kukumbuka kilichofuata kwa sababu kilikuwa rahisi mno. Nilichukua plaizi na ngazi, nikapanda ukuta wa nje, nikakata nyaya mbili zinazotoka hospitalini kwenda bondeni. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Nikashuka, nikawasha upya, nikasukuma swichi, na chumba cha upasuaji kikajaa mwanga, bonde likabaki kavu. Hayo ningeweza kuyafanya siku ya kwanza kabisa, kwa swichi moja ya kawaida. Niliogopa kuikata kazi yangu nzuri vipande viwili.

Mama mkwe hakuwapo tena kibandani. Mwanamke wa Mabira alijifungua, mtoto nilimsikia akilia nilipokuwa tayari nakimbia kushuka kilima, na sikusimama.

Shemeji alikuwa juu ya nguzo, amejifunga mkanda, ile ncha ya juu ameifungua kutoka kwenye kamba na kuizungusha mkononi mara mbili ili aivute vizuri. Alikuwa anapiga mluzi.

"Vipi shemeji, umefukuzwa na nyuki?"

"Shuka," nikamwambia.

"Nimebakiza kuunga tu. Mbona umepauka hivyo?" Akapiga mfuko wa suruali yake, fyuzi zikalia ndani. "Usiogope bwana, umeme wote ninao hapa."

Nikakaa chini kwenye kahawa. Nilimwambia shuka, shuka, kwa jina la Mungu shuka, na sauti ilitoka ya mtu anayelia, kwa sababu nilikuwa nalia. Aliposhuka nilimweleza yote. Sikupunguza kitu. Nilimwambia kuhusu swichi, na mama yake, na maneno ya mfereji niliyomfundisha, kwamba yalikuwa yameshaoza na mimi nikamwacha ayale.

Alifungua kiganja chake akakitazama, kilikuwa na alama ya waya, mistari miwili. Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane. Alitoa zile fyuzi mfukoni akaziweka mkononi mwangu na mkanda wa kupandia juu yake.

"Kesho panda wewe," akasema. Akaokota jembe la mama yake pale lilipotupwa akaenda nalo nyumbani.

Nilipanda. Sikulala, lakini nilipanda. Nilijua kabisa kwamba nyaya nimezikata hospitalini kwa mkono wangu, kwamba hata wakiwasha majenereta yote ya dunia kule juu hakuna kitakachonifikia. Akili ilijua. Vidole havikujua. Nilipofika juu nikaishika ncha ile, jasho likanitoka kama maji, na sikuweza kuunga. Kila nilipobana plaizi, macho yalikwenda yenyewe mlimani kutazama kama kuna moshi kwenye kile kibanda. Nikaelewa kwamba huku ndiko mwisho wa waya, na kwamba kwa wiki mbili nilipita hapa na mita yangu na daftari, nikapima kila kitu kilichokuwa juu ya nguzo hii isipokuwa mtu.

Moshi haukuwapo. Kulikuwa na mtu mlangoni pa kibanda cha jenereta. Alikuwa ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha kuziba mlango, amejifunika kitenge kichwani, na mgongo ameugeuzia bonde ili asinione.

Mkunga aliniambia baadaye kwamba alifika kabla ya jua kutoka na kwamba walimbembeleza apishe, akakataa. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba nyaya zimekatwa. Aliambiwa tu na mwanawe kwamba leo anayepanda ni mkwe wake.

Nikaunga ule waya. Ilinichukua asubuhi nzima, kazi ya nusu saa. Hakuinuka mpaka mkunga alipompasha kwamba nimekanyaga chini.